Alifika Mlangoni Kwangu, Akarudi



Mimi ni muuguzi, na katika jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo nimekuwa mtunza hazina kwa miaka kadhaa. Kazi zote mbili zina daftari. Kazini naandika joto la mwili, mapigo ya moyo na dozi za dawa. Katika jumuiya naandika nani ametoa mchango na nani bado. Leo napenda kukusimulia jinsi daftari hili la pili lilivyokaribia kumpoteza mtoto, na jinsi tulivyojifunza kujenga kanisa kwa njia nyingine. Mama wa mtoto huyo amenipa ruhusa ya kusimulia. Jina lake nalihifadhi.

Kanisa lilipotuwia dogo

Tunaishi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mimi na mume wangu tulipohamia huku, palikuwa na mikorosho, mashamba ya mihogo na nyumba za kuhesabu kwa vidole. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa wetu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3. Watu hao hawakupata nafasi Kariakoo wala Ilala. Wengi walikuja huku kwetu kutafuta kiwanja cha bei nafuu, na Wakatoliki walikuwamo.

Kanisa letu lilijengwa wakati tukiwa kigango. Lilitosha watu 300, tena wakibanana. Tulipopandishwa kuwa parokia, Misa za Jumapili zikawa tatu na bado hapakutosha. Kina mama wenye watoto wachanga walikaa nje chini ya turubai, na watoto wa mafundisho walisoma chini ya mwembe. Masika yakifika, waliokaa nje walilowa, na waliokaa ndani hawakusikia mahubiri kwa kelele za mvua juu ya bati.

Wazee wetu wengine walikuwa na mazoea ya kungoja. Walikumbuka habari za wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868, na za Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu pale mjini, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kati ya mwaka 1897 na 1902. Kwa hiyo walidhani kuna mtu wa mbali atakayekuja kutujengea. Paroko wetu alituambia wazi kwamba siku hizo zimepita. Sisi wenyewe ndio wenye kanisa.

Halmashauri ya Walei ikaunda kamati ya ujenzi. Mchoro ukaletwa, wa kanisa la kuchukua watu 1,200. Kila familia ikapangiwa shilingi 200,000 kwa mwaka, na fedha zikusanywe kupitia jumuiya. Jambo hilo lilikuwa la maana. Tangu maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa njia kuu ya uchungaji, karibu kila jambo la Mkatoliki linaanzia hapo: sala, msiba, ubatizo, ndoa. Jumuiya yetu ilikuwa na familia 38. Daftari likakabidhiwa kwangu.

Siku niliyosoma majina

Miezi ya mwanzo watu walitoa kwa furaha. Baadaye mambo yakapoa. Kila Jumapili, kwenye matangazo, zilisomwa jumuiya kwa kufuata kiwango cha michango, na sisi tulikuwa wa tatu kutoka mwisho. Niliona aibu. Mimi ni mtu wa kupenda kazi iende sawa, na nilihisi kama ni mimi niliyeshindwa.

Jumamosi moja, baada ya sala ya jumuiya, nikapendekeza tusome majina ya familia zote, walichotoa na kilichobaki. Mwenyekiti akakubali. Nikasimama, nikasoma majina yote 38 kwa sauti. Familia 11 zilikuwa hazijatoa kitu.

Mmoja wao alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, mtoto akiwa mapajani. Nilipotaja jina lake na kusema “sifuri”, aliinamisha uso akaanza kuweka sawa kanga ya mtoto, ingawa kanga ilikuwa sawa. Nilimwona, mama mwenzangu. Nilimwona, nikaendelea na jina lililofuata. Mwisho nikakumbusha kwamba asiyekamilisha mchango asitegemee barua ya jumuiya kwa ajili ya ubatizo wala ndoa. Hakuna padre aliyenituma kusema hivyo. Nililisikia likisemwa kwingine, nami nikaliona ni dawa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mume wangu alinyamaza hadi tukakaribia kufika. Kisha akasema, “Mama, leo mmewasoma watu kama wadaiwa wa mkopo.”

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba bila kubanwa watu hawatoi, na kwamba yeye hajui uzito wa kutunza hazina.

Mwezi ule michango iliongezeka, nami nikajiona nimeshinda. Sikuandika popote kwamba waliohudhuria sala walipungua. Jirani yangu hakuonekana tena. Nilijiambia kwamba labda amesafiri, au amekuwa mvivu wa sala.

Mtoto alipozidiwa

Asubuhi moja nikiwa zamu katika kituo cha afya, mlango ulifunguliwa na yule jirani akaingia akikimbia, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. Hakulia. Muuguzi yeyote atakuambia kwamba mtoto mgonjwa asiyelia anatutisha kuliko anayelia.

Nikamfunua kifua, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 62. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika, akiwa ametulia, tunasema anapumua haraka. Huyu, zaidi ya hayo, sehemu ya chini ya kifua ilikuwa ikibonyea ndani kila alipovuta pumzi, na alikuwa amekataa kunyonya tangu usiku. Ilikuwa homa kali ya mapafu. Tukamwekea oksijeni, tukampa dozi ya kwanza ya sindano, tukaomba gari la kumpeleka hospitali kubwa.

Tukiwa tunangoja gari, mama alinishika mkono. “Dada, mtoto hajabatizwa,” alisema. “Niliogopa kuja kuomba barua.”

Sisi Wakatoliki tunafundishwa kwamba penye hatari ya kifo mtu yeyote mwenye nia sahihi anaweza kubatiza. Nikachukua maji safi, nikammiminia mtoto kichwani kwa maneno niliyofundishwa. Hakukuwa na barua, wala daftari, wala mchango. Mkono wangu ulitetemeka kuliko siku yoyote katika kazi hii.

Niliomba ruhusa nikafuatana nao. Siku ya tatu mtoto alianza kunyonya tena, na mama akapata nguvu ya kuzungumza. Nikamuuliza lile swali tunalouliza wauguzi, “Homa ilianza lini?” Akasema ilianza siku mbili kabla ya kuja. Nikamuuliza, “Sasa mdogo wangu, mbona hukunigongea? Mimi niko nyumba ya tatu!”

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Nilikuja, dada. Usiku ule wa kwanza nilifika hadi mlangoni kwako. Niliona taa inawaka na nikasikia unaongea na watoto. Nikawaza, nikigonga ataniuliza mchango. Nikarudi.”

Sikuwa na neno la kumjibu.

Siri ambayo sikuitunza

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, mojawapo ya mambo ya kwanza tuliyofundishwa ni kutunza siri ya mgonjwa. Kama ningesimama kwenye benchi la wagonjwa nikasoma kwa sauti majina na majibu ya vipimo vyao, ningefukuzwa kazi, tena ningestahili. Mgonjwa akijua kwamba siri yake itasomwa, hatakuja. Atabaki nyumbani na ugonjwa wake hadi uchelewe kutibika.

Ndivyo nilivyofanya katika jumuiya. Ufukara nao ni siri ya nyumba ya mtu. Mume wa jirani yangu alikuwa kibarua na kazi ilikuwa imesimama miezi mitano. Yeye alikaanga maandazi alfajiri, na faida yake iliishia kwenye unga wa siku ya pili. Sikujua, kwa sababu sikuuliza. Katika daftari langu palikuwa na nafasi ya kiasi kilichotolewa na kiasi kilichobaki. Hapakuwa na nafasi ya kuandika sababu.

Nilikwenda kwa Paroko nikamweleza yote, pamoja na lile neno langu kuhusu barua ya ubatizo. Hakunigombeza. Alichukua kitabu cha Sheria za Kanisa, ile ya mwaka 1983, akanionyesha kanuni ya 222. Sehemu ya kwanza inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa. Hiyo niliijua, maana ndiyo tuliyokuwa tukiwakumbusha watu. Sehemu ya pili ya kanuni hiyo hiyo inasema wana wajibu pia wa kuhimiza haki katika jamii na kuwasaidia maskini kutokana na walicho nacho. Tulikuwa tumesoma nusu ya kanuni. Kisha akanionyesha ya 848, inayomtaka mhudumu wa sakramenti ahakikishe kwamba wahitaji hawazikosi kwa sababu ya umaskini wao.

“Na yule mjane wa senti mbili?” nikamuuliza, maana tulizoea kumtaja kila tulipochangisha. Akaniambia nirudi nyumbani nikasome sura ya 12 ya Marko, nianzie mistari ya kabla ya mjane. Nikasoma. Kabla tu ya kumsifu mjane, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaopenda heshima huku wakila nyumba za wajane. Miaka yote nilikuwa nimemkumbuka mjane nikawasahau hao waandishi. Usiku ule nilijiuliza mimi niko upande gani.

Tulivyoanza upya

Jumamosi iliyofuata niliomba nafasi mbele ya jumuiya. Niliomba radhi kwa kusoma majina na kwa kuwatisha watu kwa sakramenti. Haikuwa rahisi, maana mtu mzima kuomba radhi hadharani ni kazi. Mwenyekiti naye akasimama akaomba radhi. Kisha tukakubaliana mambo haya, na pengine na nyinyi yatawafaa.

Kwanza, kila familia hutoa mchango wake katika bahasha iliyofungwa, yenye namba bila jina. Kiasi kinajulikana kwa familia yenyewe na kwa mtunza hazina tu. Anayetuma kwa simu naye hujibiwa kwa simu yake, si mbele ya watu.

Pili, kinachosomwa kwa sauti ni matumizi. Tumepata jumla gani, tumenunua mifuko mingapi ya saruji, nondo ngapi, fundi amelipwa nini na risiti ziko wapi. Fedha hutolewa benki kwa saini za watu watatu. Nimegundua kwamba watu wengi hawakuwa wagumu wa kutoa. Walikuwa wakingoja kuona fedha zao zinakwenda wapi.

Tatu, asiye na fedha hutoa mikono. Ukisoma kitabu cha Kutoka, sura ya 35, utaona kwamba hema la Mungu lilijengwa kwa dhahabu na fedha, na pia kwa nyuzi zilizosokotwa na wanawake. Kazi ya mikono yao ilipokelewa pamoja na dhahabu. Na katika sura ya 36 vitu vilizidi hata Musa akawaamuru watu waache kuleta. Sisi hatujafika huko! Lakini siku ya kumwaga zege la msingi, kina mama wa WAWATA tulipanga mstari kutoka kisimani hadi kwa mafundi, tukapokezana ndoo za maji tangu saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Fundi mkuu alisema tumemwokolea gharama ya maboza mawili ya maji. Katika daftari langu siku hizi ndoo zinaandikwa.

Nne, tulianzisha mfuko wa huruma. Kabla ya kutenga fedha za ujenzi, jumuiya hutenga kidogo kwa ajili ya dharura: nauli ya bajaji usiku, dawa, unga wa familia iliyokwama. Kina mama wawili huutunza, na anayesaidiwa hatajwi.

Sitakuficha kwamba miezi miwili ya mwanzo michango ilishuka. Wajumbe wengine wa kamati walinung’unika, na mmoja aliniambia kwamba huruma yangu itatuacha chini ya turubai miaka kumi. Nilikosa usingizi. Lakini mwezi wa tatu bahasha zikaanza kurudi, nyingi zikiwa na fedha kidogo kidogo, kutoka kwa watu ambao zamani waliona aibu kutoa shilingi 2,000 kwa kuwa ingesomwa. Kati ya zile familia 11 za sifuri, leo hakuna ambayo haijaleta chochote, kama si fedha basi kazi.

Tuanzie nyumbani

Hapa niseme nawe mama mwenzangu kwa faragha. Katika shughuli hii nimeona pia kina mama waliotoa bila kuafikiana na waume zao. Mmoja alichukua fedha ya ada ya mtoto ili atimize ahadi aliyoitoa kwa furaha siku ya harambee. Mume alipogundua, ugomvi ulikuwa mkubwa, na kwa muda akawa hataki hata kusikia kengele ya kanisa. Yesu alifundisha kwamba ukiwa na sadaka altareni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache kwanza ukapatane naye. Nadhani ndugu wa kwanza ni yule mnayelala nyumba moja.

Kwetu sasa tunakaa mezani mwisho wa mwezi, mimi na baba watoto. Tunatenga chakula, ada na matibabu, kisha tunaamua pamoja cha kuweka kwenye bahasha. Watoto wetu nao huweka sarafu zao. Kijana wetu wa darasa la tano anapenda kusema kwamba kuna tofali lake mahali fulani ukutani, ila halijui ni lipi.

Nawe ukiwa na mtoto mdogo anayekohoa, anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani, au amekataa kunyonya, usingoje kukuche. Gonga mlango wowote.

Kanisa letu bado halijaezekwa. Kuta zimefika kwenye lenta, na tunakusanya fedha za kenchi na bati. Tumechelewa kuliko tulivyopanga. Lakini Krismasi iliyopita tulisali ndani ya kuta hizo, turubai likiwa juu, na kina mama wenye watoto wachanga walikaa mbele.

Mtoto wa jirani yangu anakimbia sasa. Paroko alikamilisha kanisani madhehebu ya ubatizo yaliyobaki, na jumuiya nzima ilihudhuria. Mama yake ndiye anayepeleka chai na maandazi kwa mafundi kila asubuhi. Kamati humlipa unga na mafuta, na kazi yake ya kukaanga ndiyo mchango wake. Baadhi ya jioni hupita kwangu kuazima chumvi au kuleta stori. Akigonga, moyo wangu unaruka bado, kisha unatulia.

Kama na wewe unatunza daftari la michango, la kanisa, la msiba au la chama cha kina mama, nakuomba jambo moja. Leo jioni lifungue, utafute jina lenye sifuri. Halafu liache daftari mezani, uende kumjulia hali mwenye jina hilo.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako.